Ruhusa ya Kupiga Filamu: Kanuni za Brussels na Desturi za Kiambi

Upigaji filamu nje ya studio, yaani mitaani, vijijini, sokoni na kandokando ya mito ambako watu wanaendelea na shughuli zao, huongozwa na kanuni za aina mbili: zile zinazohusu mahali na zile zinazohusu watu wanaoonekana kwenye picha. Wakongomani waishio Ubelgiji, ambao wengi wao hurudi nyumbani na kamera au simu mkononi, hukutana na kanuni hizo pande zote mbili, na baadhi yao hudhani kwamba Ulaya ndiko kwenye sheria kali ilhali kijijini mtu hupiga atakavyo. Dhana hiyo si sahihi. Nyumbani kanuni zipo tele, ila zimeegemea upande wa wenye mamlaka na kumsahau mtu anayepigwa picha, na ndiyo maana inafaa kulinganisha utaratibu wa Brussels na ule wa Kiambi, kituo kilicho kando ya mto Luvua katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo makao yake makuu ni Kalemie.

Anayetaka kupiga filamu katika mtaa wa Matonge, kitovu cha maisha ya Kikongomani jijini Brussels, huanzia kwenye manispaa ya Ixelles, kwa sababu barabara ni mali ya umma na matumizi yake hugawanywa na manispaa. Ombi lake hueleza tarehe, saa, idadi ya watu na magari, na iwapo sehemu ya kuegesha itafungwa. Akitaka kurusha droni yenye kamera, hulazimika pia kujisajili, kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2020. Vibali hivyo vyote, hata vikikamilika, havimpi haki yoyote juu ya uso wa mpita njia. Sheria ya Ubelgiji, katika kifungu XI.174 cha mkusanyiko wa sheria za uchumi, inakataza picha ya mtu kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake, yaani kukubali kwake kwa hiari, na baada ya kifo chake ridhaa hiyo hutolewa na warithi wake kwa muda wa miaka 20. Juu ya hayo, tangu tarehe 25 Mei 2018 picha inayomtambulisha mtu imekuwa chini ya kanuni za Ulaya za ulinzi wa taarifa binafsi, ingawa wanahabari wamepewa nafuu fulani ili kazi yao isizuiwe.

Ridhaa hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye fomu ya ukurasa mmoja, yenye jina la filamu, jina la mtayarishaji, siku ya kupigwa picha, mahali filamu itakapoonyeshwa, iwe kwenye sinema, runinga au intaneti, kisha nafasi ya sahihi. Na kwa mtoto mdogo huwekwa sahihi ya mzazi. Karatasi hiyo ina kasoro zake, kwani wengi huitia sahihi bila kuisoma, lakini inasimamisha jambo moja la msingi, kwamba mwenye nyumba, mwenye duka, meya wala mkuu wa polisi hawezi kumkubalia mtu mwingine apigwe picha.

Kiambi, safari ya ruhusa hupita njia nyingine. Mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na idhini ya wizara ya mawasiliano iliyoko Kinshasa, kisha hujitambulisha kwa wakuu wa jimbo Kalemie, kwa msimamizi wa teritwari ya Manono ambamo Kiambi imo, kwa idara ya uhamiaji na ile ya upelelezi, na hatimaye kwa chifu na kapita, yaani kiongozi wa kijiji. Karatasi anayotembea nayo, ambayo watu wote huiita ordre de mission, yaani hati ya safari ya kikazi, hugeuzwa nyuma ikagongwa mhuri anapofika na mhuri mwingine anapoondoka, kiasi kwamba mwisho wa safari upande wa nyuma huwa na mambo mengi kuliko ule wa mbele. Maeneo kadhaa hayapigwi picha bila idhini maalumu, hasa madaraja, viwanja vya ndege na kambi za jeshi, na katika ukanda huu wenye migodi ya bati ya Manono na kituo cha umeme cha Piana Mwanga kilichojengwa kwa ajili yake, kamera huamsha shaka upesi.

Hatua ya chifu isichukuliwe kuwa masalia ya zamani. Kifungu cha 207 cha Katiba ya mwaka 2006 kinayatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 imeweka hadhi ya machifu hao. Mgeni anapoletwa mbele ya wazee akaulizwa anatafuta nini, picha zitakwenda wapi na kijiji kitapata faida gani, jamii nzima hupata nafasi ya kuamua namna itakavyoonyeshwa kwa watu wa mbali. Hilo Brussels halipo. Wakazi wa Matonge hawaulizwi kamwe kama wanakubali mtaa wao uonyeshwe kila mara kama mahali pa fujo na ulevi, kwa kuwa sheria inamlinda mtu mmoja mmoja na kuiacha jamii bila sauti.

Udhaifu wa nyumbani uko upande wa pili. Kapita akishakubali, mjane, mtoto au mkimbizi wa vita hupata shida kukataa, hata kama kifungu cha 31 cha Katiba hiyohiyo kinamhakikishia heshima ya maisha yake ya faragha. Jambo hili ni zito katika jimbo la Tanganyika, ambako mapigano kati ya jamii za Watwa na Waluba, yaliyozidi mwaka 2016 na 2017, yalichoma vijiji na kuwatawanya watu kwa maelfu, wengi wakakimbilia kambi za Kalemie. Shahidi anayesimulia nani aliua na nani alichoma anaweza kutambuliwa kwa uso, kwa sauti, hata kwa mti ulio nyuma yake, na filamu ikishaingia kwenye intaneti hurudi Kiambi ikiwa kwenye simu ya yule aliyetajwa. Watwa, ambao haki zao zinalindwa na sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, wanakabiliwa na hatari zaidi pale ambapo anayetoa ruhusa kwa niaba yao ni kiongozi wa jamii nyingine.

Suala la faida nalo halikwepeki. Filamu ya Mholanzi Renzo Martens, Enjoy Poverty ya mwaka 2008, iliwaonyesha wapiga picha wa harusi wa Kanyabayonga, Kivu Kaskazini, wakielezwa kwamba picha za njaa na vita huwalipa wageni zaidi kuliko picha za sherehe zinavyowalipa wenyeji, na ikaonyesha pia jinsi ambavyo wenyeji hao hawakufunguliwa soko hilo. Filamu yenyewe ilizua ubishi mkubwa, na swali lake halijapata jibu: anayepigwa picha katika shida yake hubaki na nini baada ya kamera kuondoka?

Inafaa kukumbuka vilevile kwamba desturi ya serikali kudhibiti kamera ina historia ya kikoloni. Katika makoloni ya Ufaransa, amri ya Laval ya mwaka 1934 ilimtaka mtengenezaji filamu awasilishe mswada na majina ya wahusika kabla ya kupewa ruhusa, na ugumu wa kupata ruhusa hiyo ndio uliowafanya Paulin Soumanou Vieyra na wenzake wapige filamu yao Afrique-sur-Seine jijini Paris mwaka 1955 badala ya Afrika. Kibali cha namna hiyo kilitungwa ili kumlinda mtawala asionekane vibaya, na popote kinapoendelea kumlinda mtawala peke yake kinakuwa kimerithi kasoro ileile.

Utaratibu unaofaa, basi, ni ule unaounganisha mema ya pande zote mbili, na desturi ya hodi inauelekeza vizuri, kwani hodi iliyopigwa kwa kapita haifungui mlango wa kila nyumba. Mpiga filamu aanze kwa wazee, kwa sababu kijiji kina haki ya kujua. Kisha amwombe kila mhusika peke yake, mbali na masikio ya chifu, kwa Kiswahili au Kiluba badala ya fomu ya Kifaransa ambayo wengi hawaisomi, na jibu lake lirekodiwe likiwa na haki ya kubadili nia kabla filamu haijatoka. Malipo yoyote kwa ofisi yatolewe kwa risiti, mashahidi wa mauaji wafichwe uso na sauti, na filamu iliyokamilika irudishwe Kiambi ionyeshwe hadharani kabla ya Ulaya. Wajibu huu unawahusu kwanza wana wa nchi waishio ng'ambo, ambao huko waliko wasingethubutu kumpiga picha jirani yao bila kumwuliza, na kwa hiyo hawana sababu ya kumpa shangazi yao wa Kiambi haki pungufu kuliko ile wanayompa mpita njia wa Brussels.