Kabla ya Kiapo

Jumatatu, 15 Agosti 2022

Tume ya uchaguzi imetangaza matokeo ya urais wa Kenya huko Bomas: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Makamishna wanne wa tume wameyakana matokeo. Hata saa moja haijapita, chumba cha habari kizima kinasema "incoming government", yaani serikali inayoingia, na mwenzangu kayaandika maneno hayo hivyo hivyo katikati ya taarifa ya saa tatu usiku. Nimeyafuta.

Jumanne, 16 Agosti

Mwenzangu kanijia asubuhi: "Dada, mbona jina la 'Rais Mteule' hukulifuta?" Kwa sababu Katiba inamjua. Kifungu cha 141 kinamtaja, ametangazwa lakini hajaapa. Serikali yake haijazaliwa. Haina waziri, haina bajeti, haina ofisi ya kujibu swali. Sasa tukisoma kwamba "incoming government" inaahidi kushusha bei ya unga, nani kaahidi? Ruto mwenyewe? Msemaji wa chama? Mbunge aliyekuwa karibu na kipaza sauti? Maneno hayo mawili yanamficha msemaji, kisha yanamvika mamlaka ambayo bado hana. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 22 Agosti

Raila amewasilisha kesi ya kupinga matokeo leo, siku ya mwisho kati ya 7 zinazoruhusiwa. Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Wengi tuliona ya 2017: tarehe 1 Septemba majaji walibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, na siku hiyo hiyo akaacha kuwa rais mteule, akabaki rais wa muhula wake wa kwanza.

Na leo pia serikali iliyopo ni ya Uhuru bado. Kifungu cha 134 kimeipunguzia nguvu tangu kura ya kwanza ilipopigwa: Rais hawezi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi mpaka mrithi aapishwe. Lakini polisi, hospitali za rufaa za kitaifa na mishahara ya walimu viko mikononi mwake. Anayedai huduma leo amdai huyo.

Ijumaa, 2 Septemba

Mgeni wetu studioni, mwanasiasa, aliyarudia maneno yale kipindi kizima. Mama mmoja akapiga simu kutoka Bungoma: "Mwanangu, hao wa incoming government wa mbolea ya bei nafuu, niwatafute wapi? Kwa chifu?" Mgeni alianza kusifu manifesto. Nilimkatiza, nikamwambia mama ukweli: hiyo ni ahadi ya kampeni, chifu hana mbolea hiyo, asiahirishe kupanga shamba lake kwa kuingoja.

Jumatatu, 5 Septemba

Majaji wote 7 wameitupa kesi. Kiapo ni Jumanne, tarehe 13. Mwenzangu kauliza kama sasa ruhusa ya kusema "incoming government" ipo. Nimemwandikia "serikali itakayoundwa na Ruto". Ni ndefu zaidi, lakini sekunde moja hewani tunayo. Pia nimemwomba mhariri mkuu kila ahadi isomwe na jina la aliyeitoa. Amekubali mpaka siku ya kiapo. Nitamwomba utaratibu huo uendelee hata baada ya hapo.