Nundu ya Pamba

Kisukari na ugonjwa wa figo vikimpata paka mmoja, vinagombania sahani yake. Kisukari kinasema asipewe ugali. Figo zinasema asipewe dagaa. Sasa nitajie wewe paka wa Shinyanga aliyekulia kitu kingine tofauti na ugali wa dagaa.

Huyu ninayemzungumzia anaitwa Pamba. Dume, mweupe, anakaribia miaka kumi na tatu, uzito kilo nne kasoro. Ni wa Mama. Mimi kazi yangu ya habari imeniweka Geita, lakini kila baada ya wiki mbili narudi Ngokolo, na kwa miezi mitano sasa, nikishatua begi tu, nanawa mikono na kumshika paka.

Aliyegundua ugonjwa ni Mama mwenyewe. Pamba alianza kunywa maji kwenye ndoo kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na mkojo ukawa hauishi. Mama, ambaye ana kisukari cha vidonge tangu zamani kidogo, akasema, "Huyu ananikumbusha mimi." Akachukua kipimo chake cha sukari, akamchoma ncha ya sikio. Kikasoma 24. Paka akiogopa sukari yake hupanda, hilo tulikuja kuambiwa baadaye, kwa hiyo wakarudia siku tatu akiwa ametulia kwenye kanga. Haikushuka.

Bwana mifugo tuliyemwita ni mtu wa ng'ombe. Ndigana kali, homa ya mapafu, kuhasi, kuzalisha. Alipoambiwa mgonjwa ni paka alicheka hadi akaegemea pikipiki yake. Lakini alipomaliza kucheka alichukua damu, na kesho yake akampigia mwenzake waliyesoma naye SUA, Morogoro. Akarudi na kurasa tatu alizoandika kwa mkono. Kisukari ndiyo, na figo nazo zimechoka. Mwili wa namna hiyo unapoteza maji kwa milango miwili kwa wakati mmoja: sukari inayavuta maji kwenda nje, na figo hazina tena uwezo wa kuyazuia. Paka anakunywa kutwa nzima na bado anakauka.

Kwa hiyo dripu. Si ya mshipa, ni ya chini ya ngozi. Unanunua Ringer's lactate duka la dawa, chupa ya mililita 500, unaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili isimshtue, unaitundika kwenye msumari juu ya dirisha. Unaivuta ngozi ya kati ya mabega hadi isimame kama hema dogo, sindano inaingia chini ya hema, unafungua maji. Mililita mia moja, halafu unafunga. Kama dakika kumi hivi, kutegemea na mood ya mgonjwa. Sindano mpya kila mara, na chupa iliyofunguliwa haikai muda mrefu maana vijidudu navyo vinapenda maji safi. Na isiwe dripu ya glukosi. Mtaani kwetu dripu yoyote inaitwa "ya nguvu", na jirani mmoja mwenye moyo mzuri alituletea ya glukosi kabisa. Tulimshukuru tukaiweka kabatini.

Maji yakishaingia, Pamba anaota nundu. Nundu kweli, kama ya ng'ombe wa Kisukuma, laini, inatikisika anapotembea. Kufikia usiku imeteremka hadi kwenye mguu mmoja wa mbele, na asubuhi haipo, mwili umeinywa. Mzee wa nyumba ya pili akipita anauliza, "Mayu, huyo ndama wako anaendeleaje?"

Insulini ndiyo inayonitisha zaidi. Yuniti moja asubuhi, moja jioni, na kama hajala, hachomwi, basi. Figo mbovu zinachelewa kuiondoa insulini mwilini, kwa hiyo kipimo kilichomfaa mwezi uliopita mwezi huu kinaweza kumwangusha. Kuna kijiko cha asali kwenye kikombe karibu na mlango, cha kumpaka kwenye ufizi akianza kuyumba. Na umeme ukikatika kwa muda mrefu, kichupa kinahama kutoka kwenye friji kwenda kwenye mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, vilevile ambavyo wagonjwa wengi wa vijijini wanaitunza ya kwao. Mama anaona kichekesho kwamba yeye anameza vidonge wakati paka yuko kwenye sindano. "Mwenzangu amenipita cheo," anasema.

Nikiwa nashika ile chupa huwa namfikiria Thomas Latta, daktari wa Leith kule Uskoti, ambaye mwaka 1832 aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani wakati wenzake bado wanawatoa damu. Kisha Sydney Ringer, London, miaka ya 1880, akihangaika kujua ni chumvi gani zinazoufanya moyo wa chura uendelee kupiga nje ya mwili. Kisha Alexis Hartmann wa St. Louis akaongeza lakteti katika miaka ya 1930, kwa ajili ya watoto. Chura, watoto, wagonjwa wa kipindupindu. Paka wa Ngokolo amepanda gari la watu.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kinanikosesha usingizi, na si figo.

Mama ana karibu miaka sabini. Ni mjane. Macho yake ni mekundu, kwa sababu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe sehemu kubwa ya maisha yake. Anafuga paka mweupe. Na jioni anamchoma sindano. Kama wewe ni wa kwetu huhitaji nimalizie. Kwa asiye wa kwetu: Usukumani bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayohayo. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu nzima juu ya mauaji hayo, mwaka 1993. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, ya mkoloni, na haijamzuia mtu mwenye panga. Mimi mwenyewe nimeshasimama kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu nikiwa na notebook, nikiuliza watoto wake maswali. Najua mambo huanza vipi: mtoto wa jirani anaumwa, mganga anaulizwa, halafu mtu anakumbuka kwamba bibi fulani ana paka.

Nilimwambia Mama tufanyie chumbani, tufunge pazia. Alikataa. Akasema pazia ndilo litakaloniua, mwanangu. Kinachofanyika gizani ndicho kinachopewa jina. Kwa hiyo anafanyia barazani, saa kumi na moja jioni, watoto wanatoka shule wanajipanga kutazama, mmoja ana kazi ya kuhesabu mililita kwa sauti. Anawaeleza figo ni nini kwa kutumia chujio la chai. Yule mzee wa "ndama" siku moja aliomba naye apimwe sukari, akapimwa, ikasoma 17, na sasa anahudhuria kliniki kwa manung'uniko mengi.

Je, Mama yuko sahihi? Kwa mtaa wa mjini kama Ngokolo, labda. Tungekuwa kijijini alikozaliwa nisingekubali hata kwa dakika moja, ningemchukua paka nikaondoka naye. Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hatujamaliza.

Huku Geita napo paka wananifuata. Nimeandika sana kuhusu zebaki. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa wanaichanganya na mchanga wa dhahabu, inashika dhahabu, kisha wanachoma mchanganyiko ule, pengine palepale nyumbani, na mvuke wake anauvuta kila aliyepo. Zebaki inaharibu ubongo, na figo pia. Nilipokuwa nikijisomea nikakutana na Minamata, Japani. Miaka ya 1950, kabla madaktari hawajaelewa watu wanaumwa nini, paka wa wavuvi walianza kuzunguka kama wanacheza ngoma, wakaanguka baharini. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda, Hajime Hosokawa, alimlisha paka mmoja maji machafu ya kiwanda. Paka yule anajulikana kwa namba tu: 400. Akaugua vilevile. Kampuni ikayafungia matokeo. Kitabu cha picha cha W. Eugene Smith na Aileen Smith, cha 1975, kinatazamwa kwa ajili ya watu, na ndivyo inavyopaswa, lakini mimi tangu nijue habari ya namba 400 siwezi kukiona bila kumkumbuka.

Pamba hakuugua kwa zebaki. Ni uzee tu, figo za paka wazee huchoka.

Kuna swali ambalo wasomaji wengine tayari wanalo mdomoni: pesa. Mwenzangu wa kazini aliniuliza bila kuzunguka, "Watu wanasafiri hadi Bugando kusafishwa damu na wengine nauli hawana, wewe unamtundikia paka dripu?" Ni swali halali na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Nilimwambia tu kwamba chupa moja inatosha mara tano, na kwamba pesa ile isingeenda Bugando, ingeenda kwenye bando. Alicheka, ila swali bado liko.

Majibu ya mwisho ya damu hayakuwa mazuri. Bwana mifugo, ambaye siku hizi hacheki, alikaa kwenye kigoda akamwambia Mama taratibu kwamba figo zimeshuka tena, na kwamba kuna siku sindano itakuwa ya kumsumbua tu. Mama akauliza ataijuaje siku hiyo. Akamjibu, "Mama, akiacha kuja mwenyewe."

Jumamosi iliyopita Pamba alikuja mwenyewe. Alisikia beseni, akatoka chini ya kochi akajilaza mahali pake chini ya msumari. Alikula kuku wa kuchemsha, nusu sahani. Chupa ilikuwa imebaki na mililita mia moja, ya mara moja. Nilimuuliza Mama nimletee ngapi nikirudi. Alifikiria.

"Lete mbili," akasema.