Simu ya Nyumba: Barua kutoka Leicester

Ndugu zangu wa Tanga,

Nawaarifu kwamba makampuni ya simu ya hapa Uingereza yamekata shauri kuuzima mtandao wa kale wa simu za nyaya za shaba ifikapo mwisho wa Januari 2027, na kila simu ya nyumbani itapita katika intaneti. Jirani yangu, bibi mkongwe aishiye peke yake, ameingiwa na hofu, wala hofu yake si ya bure. Kwani waya wa shaba huleta umeme wake wenyewe kutoka kituo cha simu, hata taa za mtaa mzima zikizimika simu husema, ilhali hii mpya, isipokuwa na betri ya akiba, hunyamaza pamoja na taa. Na kile kitufe avaacho shingoni, cha kuitia msaada akianguka, nacho hutegemea waya huo huo.

Habari hiyo imenikumbusha simu ya Ami, ile nyeusi ya kuzungusha namba, iliyokaa ukumbini juu ya kimeza chake, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kutiwa kufuli dogo, ufunguo ukiwa katika mfuko wa kanzu. Kupiga kulihitaji idhini, na kwa miji ya mbali kulihitaji opereta na subira. Lakini kupokea kulikuwa haki ya yeyote aliye karibu, na aghalabu aliyetafutwa alikuwa jirani, mtoto akatumwa mbio kumwita. Nilipohamia huku, nikipiga kwa kadi za kukwangua ambazo dakika zake zilikwisha upesi, sikumfikia Mama ila baada ya kuamkiana na shangazi, na mgeni aliyekuja kuposa, na mtoto ambaye ndiyo kwanza ajifunze kusema. Na hivyo ndivyo nilivyojua nani kazaliwa, nani mgonjwa, nani kahamia Pangani.

Leo namwona Mama uso kwa uso kiganjani mwangu, na kwa neema hiyo namshukuru Mola. Ila watoto wa dada zangu wamebaleghe nami siijui sauti ya hata mmoja wao, kwa kuwa kila mtu ana simu yake, na anayempigia mmoja hakutani na mwingine.

Kwa hiyo nawaombeni: Ijumaa, saa kumi za kwenu, simu ya Mama iwekwe mezani ukumbini, nayo ikilia, asiipokee yeye.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Leicester