Mjomba, namba, na swali lililonishinda

Samahani wasomaji wangu, najua blogu imelala karibu mwezi mzima. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. La, bado nipo. Nilikuwa nyumbani Kibuyuni kwa wiki mbili, na huko nikapewa kazi moja ya kompyuta ambayo chuoni hawakutufundisha. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, nivumilieni hadi wiki ijayo.

Kwa wasiopajua kwetu: ukivuka Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Diani, Msambweni na Ramisi, kisha unakata kushoto kama unakwenda Shimoni. Kibuyuni ni hapo pwani, jirani na Shimoni. Wengi wanaisikia kwa ajili ya mwani unaolimwa na akina mama. Intaneti ipo, lakini ukitaka ikae sawa inabidi usogee nje, barazani.

Barazani ndipo mjomba aliponikuta.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa mwanajeshi wa KDF, akapelekwa Somalia. (Majeshi yetu yaliingia huko Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM.) Alirudi na mguu ambao hadi leo haukunji vizuri. Mwaka na mahali alipoumia nitaviacha, kwa heshima ya familia ya mtu mwingine ambaye mtamsikia hapa chini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mamako aniambia una programu ya kujua nani atapona na nani atakufa."

Hapo nikaona mama kanitangazia biashara ambayo sina. Ukweli ni huu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa kikokotoo cha majeruhi. Unaingiza vipimo, kinakupa uwezekano wa mtu kuishi. Nilipata alama nzuri, nikakipandisha mtandaoni, nikakisahau. Mjomba alikuwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake kulikuwa na nakala ya muhtasari wa matibabu yake.

"Niweke mimi," akasema.

Basi nikafungua tarakilishi.

Kwanza niwaeleze kikokotoo kinavyofanya kazi, maana hii bado ni blogu ya teknolojia. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake huko Marekani walibuni kipimo kiitwacho ISS. Kila jeraha linapewa alama kuanzia 1, jepesi, hadi 6, lile ambalo dawa haijui la kulifanyia. Unachukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, unazidisha kila alama kwa yenyewe, unajumlisha. Juu kabisa ni 75, na jeraha lolote la 6 linakupeleka huko moja kwa moja.

Kipimo cha pili hakitazami jeraha, kinamtazama mwenye jeraha: fahamu zake, shinikizo la damu, na idadi ya pumzi kwa dakika. Mwaka 1987 ikatoka njia ya TRISS, inayounganisha vipimo hivyo viwili pamoja na umri, ikitofautisha risasi au kisu na kugongwa au kuanguka. Jumla inapitishwa kwenye ule mkunjo wa S ambao waliosoma takwimu wanaufahamu, na nje inatoka namba kati ya 0 na 1. Ndiyo uwezekano wa kuishi. Kwenye msimbo wangu yote hayo hayazidi mistari thelathini.

Haya, tukamweka mjomba. Paja, mshipa mkubwa umekatika: 4. Tumbo: 3. Kumi na sita na tisa, ISS ni 25. Karatasi ilisema alipopimwa mara ya kwanza shinikizo lilikuwa 60, pumzi 34, fahamu 10 kati ya 15 kwa kipimo cha Glasgow. Nikabonyeza.

Asilimia 72.

Mjomba akacheka. "Kumbe sikuwa karibu na kaburi kama walivyonitisha."

Nikataka kumwonyesha ufundi wangu zaidi. Nikamwambia, tazama mjomba, hebu tujifanye walikupima dakika ile ile ya risasi, kabla damu haijamwagika. Jeraha lile lile, ISS 25, ila vipimo vingine vyote ni vya mtu mzima wa afya. Asilimia 97. Halafu tujifanye hakuna aliyekufunga ule mkanda wa kuzuia damu, wakakupima mapigo yameshakwisha. Jeraha lile lile tena. Asilimia 2 hata haifiki.

Hakucheka tena. Akaniuliza: "Na mwingine waweza kumweka? Asiyekuwa na karatasi?"

Ndipo nikaelewa kwamba hakuja kwa ajili ya mguu wake.

Walikuwa wawili waliojeruhiwa vibaya. Mwenzake alikuwa na tundu dogo ubavuni, damu ya nje kidogo tu. Alikuwa ameketi, akizungumza, hata akimtania mjomba. Helikopta ilifika ikiwa na majeruhi wengine, na nafasi ya kulala ilibaki moja. Tabibu wa kikosi aliwatazama wote wawili, akamshika yule mwenzake mapigo, akaona yako sawa. Mwenyewe akasema, mchukueni huyu kwanza, mimi naweza kungoja. Mjomba alisikia, na hakusema neno. Helikopta iliporudi, baada ya saa moja na nusu hivi, mwenzake alikuwa ameshafariki.

"Miaka yote hii nataka kujua jambo moja," akasema mjomba. "Angepona yule, au alikuwa wa kufa tu?"

Wasomaji wangu, nitakiri kitu. Nilijua jibu alilokuwa akiliomba. Alitaka mashine imwambie kwamba mwenzake alikuwa wa kufa tu, ili naye apumzike. Na ningeweza kumpa jibu hilo bila kusema uongo wa waziwazi. Ningekadiria jeraha la tumbo kuwa 4, kisha nikaweka vipimo vya wakati helikopta iliporudi: shinikizo sifuri, pumzi sifuri. Programu ingetoa asilimia 3. Mjomba angeshukuru, tungekunywa chai, ingekwisha.

Vidole vilikuwa tayari juu ya sifuri.

Lakini hizo zingekuwa ni sifuri zile zile nilizokuwa nimemwonyesha dakika tano kabla kwa mguu wake mwenyewe. Si mtu wa kudanganyika kirahisi, mjomba. Nikaweka kwanza vipimo vya mtu anayezungumza na mapigo yako sawa. Asilimia 98. Kisha nikaweka zile sifuri. Asilimia 3. Nikamgeuzia skrini azione zote mbili.

Akazitazama muda mrefu. "Kati ya hii tisini na nane na hii tatu, pana nini?"

"Pana saa moja na nusu, mjomba."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Kisha nikamweleza ninachokijua, na ningependa nanyi mkijue.

Kuna kipimo kingine kilichotengenezwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji wa Uganda, Olive Kobusingye, na mwenzake Ronald Lett walikibuni kwa ajili ya hospitali zisizo na mitambo mingi, wakakichapisha mwaka 2000. Kinaitwa Kampala Trauma Score. Unahitaji umri, shinikizo, pumzi, kama mtu yu macho au la, na idadi ya majeraha makubwa. Cha chini ni 5, cha juu ni 16. Nikawapima wote wawili kwa hicho. Mjomba alipata 11. Mwenzake, kwa yale mjomba anayoyakumbuka, 15.

"Kwa hivyo mjomba, hata programu ingekutanguliza wewe."

"Kwa hivyo nayo ingekosea kama sisi."

Sikuwa na la kujibu hapo, maana ndivyo. Kijana mwenye nguvu anayevuja damu ndani ya kiwiliwili huweza kukaa na vipimo vizuri kwa muda. Mwili unabana mishipa, moyo unaongeza kasi, shinikizo linasimama. Halafu linaanguka kwa ghafla. Kila kikokotoo kinapiga picha ya dakika moja, na dakika ile picha ilikuwa nzuri.

Swali lake limewahi kuulizwa na watu wenye uwezo mkubwa kuliko mimi. Mwaka 2012 Brian Eastridge na wenzake walichapisha uchunguzi wa vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani vitani kati ya 2001 na 2011. Kiasi cha asilimia 87 walikufa kabla ya kufika kituo cha matibabu. Wataalamu wakakaa, wakapitia hao waliokufa njiani mmoja mmoja wakijiuliza swali la mjomba: huyu angeweza kupona? Kwa watatu kati ya wanne jibu likawa hapana. Kwa robo iliyobaki wakasema ingewezekana. Na katika robo hiyo, watu 9 kati ya 10 waliuawa na kuvuja damu, theluthi mbili wakivuja kiwiliwilini, mahali ambapo huwezi kufunga mkanda.

Lakini wale wataalamu walitazama jeraha peke yake. Hawakuhesabu vita vilivyokuwa vikiendelea, wala umbali, wala kilichokuwapo na kisichokuwapo mkononi. "Angeweza kupona" kwao maana yake ni: kama daktari wa upasuaji na damu vingekuwa karibu. Hawakusema kwamba aliyekuwa pale angeweza kumponya.

Nikamwambia mjomba hivyo. Mwenzako kwa jeraha lake huenda angepona. Pale mlipokuwa, kwa vitu mlivyokuwa navyo, hakuna aliyekuwa na cha kumponya, si wewe wala tabibu. Na kama angepanda yeye, wewe ndiye ungezikwa, maana damu yako ilikuwa nje na kila mtu aliiona.

Sijui kama nilifanya vyema. Alikunja karatasi yake taratibu, akairudisha kwenye bahasha. Nilidhani atasema jambo kuhusu rafiki yake. Badala yake akauliza: "Hapa kwetu hadi Msambweni ni muda gani?"

Siku ya kuondoka nilipima. Kwa matatu, tukisimama kuchukua abiria, ilikuwa dakika 50 hivi kufika hospitali ya Msambweni. Ukihitaji kufika Mombasa, ongeza barabara yote hadi kivuko cha Likoni au njia ya Dongo Kundu. Na hapo sijahesabu muda wa kutafuta gari usiku. Sisi hatuna vita, alhamdulillahi, lakini pikipiki zinaanguka kila siku kwenye barabara ya Shimoni, na mshipa wa paja haujali umekatwa na risasi au na bati.

Nimekaa na msimbo wangu upya. Nilichokuwa sijakiona miaka yote ni kwamba viwango nilivyovinakili vilitokana na wagonjwa zaidi ya 80,000 wa hospitali 139 za Marekani ya Kaskazini, miaka ya 1980. Kila mmoja wao alikuwa amefika hospitali. Waliofia njiani hawamo kwenye hesabu. Jambo hilo lilikuwa wazi pia kule Lopiding, Lokichoggio, kwenye hospitali ya Msalaba Mwekundu iliyotibu majeruhi wa vita vya Sudan kuanzia 1987 hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Wengi walifika baada ya siku kadhaa, wakiwa wameshachujwa na njia. Ukiangalia vitanda tu, utadhani risasi haziui sana.

Kwa hiyo nimebadilisha mambo matatu. Kwanza, programu haikubali tena kufanya kazi bila kuambiwa ni dakika ngapi tangu mtu aumie na ni dakika ngapi zimebaki kufika kwa daktari wa upasuaji. Fomula haizitumii, lakini zinaonekana juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla ya jibu. Pili, haitoi namba moja. Inatoa ya sasa, na ya jeraha hilo hilo iwapo hali itaanguka. Tatu, kila baada ya dakika 10 inalia na kudai vipimo vipya, hata kama vya kwanza vilikuwa vizuri. Hasa kama vilikuwa vizuri na tundu liko kifuani au tumboni. Bado ni jaribio la mwanafunzi wa zamani, asije mtu akaipeleka wodini.

Juzi mama alinipigia simu. Anasema mjomba ameanza kwenda kwenye steji ya bodaboda jioni, na mguu wake ule, anawafundisha vijana jinsi ya kukandamiza jeraha linalovuja kwa nguvu zote mbili za mikono bila kuachia, na kuwa aliyeumia ubavu au tumbo asiambiwe angoje kwa sababu tu anazungumza. Wanamcheka kidogo, kisha wanafanya.

Kuhusu mwenzake hajaniuliza tena. Bahasha, mama anasema, bado anayo.

Haya, wiki ijayo hifadhidata, ahadi ni deni.