Mshenga na Simu ya Mkononi

Katika jamii zetu nyingi, mshenga ndiye aliyekuwa jicho na ulimi wa ukoo. Kabla ya posa kupelekwa, alitangulia kuuliza: binti ni wa nani, tabia yake ikoje, kwao kuna ugomvi gani. Kazi hiyo ilitegemea watu wanaokaa karibu. Basi mpwa wetu, afanyaye kazi Mwanza, alipotuarifu kwamba amepata mchumba Tanga, na kwamba walijuana kwa intaneti, katika programu ya simu ya kutafutia wachumba, wengi ukooni waliguna. Shangazi yake alisema picha yaweza kuwa ya mtu yeyote. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, maana wako waliotuma nauli kwa wachumba wasiokuwapo.

Hata hivyo, kujuana kwa maandishi si jambo geni kwetu. Watu wa rika letu tulikuwa na marafiki wa kalamu, ambao anwani zao tulizisoma magazetini. Huko Marekani tovuti ya Match.com ilianza mwaka 1995. Kwetu njia hii ilipata nguvu baada ya mwaka 2009, mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, na simu zenye intaneti zikaenea. Vijana hawa waliandikiana kwa miezi minane ndipo wakaonana Dodoma, mchana, mkahawani, kila mmoja akiwa na rafiki yake.

Ugumu ulitokea katika kuandika barua ya posa. Desturi ni kusema kwamba kijana wetu alipita karibu na bustani yenu, akaona ua, naye aomba kulichuma. Lakini huyu hakupita popote! Wazee wawili walitaka maneno yaachwe yalivyo, kwa kuwa ni mafumbo tu. Sisi tuliona kwamba fumbo hupendeza pale ambapo pande zote mbili hulielewa, hapa lingeficha. Tukaeleza wazi jinsi walivyojuana, kisha ndipo tukalitaja ua. Barua ikafungwa katika kitambaa cheupe pamoja na fedha kidogo, mshenga akaondoka.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Mpwa wetu ana mtoto wa miaka saba, ambaye mama yake hakumwoa. Mshenga alikuwa ameandaa maneno ya kuzunguka. Baba wa binti alimkatiza kwa upole: habari hiyo wanayo, kwani kijana alimwandikia binti katika juma la pili. Ana kwa ana, twadhani, asingethubutu mapema hivyo. Alichotaka mzee yule ni kile ambacho kijana hawezi kujishuhudia mwenyewe: je, mtoto anatunzwa? Kumbe alikwisha kumtuma ndugu yake Mwanza, akamkuta mtoto yuko shuleni, sare yake safi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yataka wawili hao waridhie kwa hiari, na taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme.

Majibu yalifika baada ya majuma mawili. Kishika uchumba kimepokewa, pete ivalishwe, mahari itazungumzwa baadaye. Sharti lilikuwa moja: kijana aende kwanza Tanga akaonane na bibi wa binti, kwani ajuza huyo hasomi, wala simu hana.