Neno "Kati" Lilivyotutoa Jasho

Kompyuta haijui Kiswahili. Ukiandika maelezo ndani ya programu ya Python, unatanguliza alama hii: #, nayo mashine inauruka mstari huo kama mtu arukaye dimbwi. Maelezo ni ya binadamu tu. Yanaweza kusema uongo miaka na mikaka na programu isilalamike!

Maabara yetu ina programu ya kukokotoa wastani, iliyoachwa na wanafunzi waliokwisha maliza. Maelezo yake ni haya: "Alama ziwe kati ya 0 na 100. Aliyekosa karatasi asihesabiwe." Basi muhula wa pili mwenzangu wa dawati aliugua malaria, akakosa karatasi ya Kemia. Ripoti ikaonyesha wastani wa 56, na basari aliyoitegemea ilitaka 60. Masikini, alilia kwi kwi kwi.

Mwalimu wa kompyuta akatuambia tugeuze kila sentensi iwe sharti litakalopimwa na mashine yenyewe. Likivunjika, programu isimame papo hapo. Lo! Ubishi ukazuka. "Kati ya 0 na 100", je, 100 yenyewe imo? Nikiketi kati ya Amina na Otieno, mimi si Amina wala Otieno. Lakini wapo wapatao 100, na wa sifuri pia (mnajijua!). Tukaandika 0 <= alama <= 100, kelele zikaisha.

"Asihesabiwe" lilikuwa gumu zaidi. Nani asihesabiwe, mwanafunzi au karatasi? Mmoja wetu akadai mwanafunzi afutwe orodhani kabisa. Mimi nikakataa katakata: ni karatasi, kwani ugonjwa si kosa. Mwalimu akaniunga mkono. Tukaandika kwamba kigawanyo lazima kilingane na idadi ya karatasi zilizofanywa, tena kizidi sifuri.

Kumbe mambo haya ni ya zamani. Mwingereza Tony Hoare aliandika mwaka 1969 kuhusu masharti ya kweli kabla na baada ya programu kutenda kazi.

Tulipoiendesha, programu iligoma kwenye jina la mwenzangu: karatasi 7, kigawanyo 8. Jumla yake ilikuwa 448. Gawa kwa 7, msomaji, upate 64. Mwalimu alichapisha ripoti mpya Ijumaa. Fomu za basari zilikuwa zikifungwa Jumatatu. Mwenzangu ameniahidi mandazi, nami bado nayangoja.