Kunduchi: Furaha ya watoto katika mwaka wa mashaka

Neno "kesho" limekuwa zito katika nyumba nyingi. Mikataba ya kazi ni mifupi, bei za vyakula hupanda bila kubisha hodi, mvua zikizidi barabara hukatika, na tangu maradhi ya Korona yaifunge dunia, ni wachache wanaopanga safari kwa moyo uliotulia. Februari 2020 wageni wa Umra kutoka nje ya Saudi Arabia walizuiwa kuingia. Mwezi uliofuata, Disneyland ya California, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1955, ilifunga milango yake na haikuifungua hadi Aprili 2021. Safari ya ibada na safari ya mchezo, zote zilisimama.

Je, katika hali kama hiyo ni busara kwa baba na mama kuwaandalia watoto safari ya kufurahi? Swali hilo liliingia nyumbani kwetu Dodoma miezi miwili kabla ya likizo ya Juni. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa ukingoni na mwajiri hajasema neno. Kwa upande mwingine, binti yetu mkubwa yuko darasa la saba. Mwakani, Allah akijaalia, atakuwa katika shule ya bweni. Likizo hii huenda ikawa ya mwisho ambayo watoto wote wanne wataipitisha pamoja kama watoto. Kusubiri mpaka mambo yatulie kulimaanisha kusubiri mpaka wakati wenyewe uwe umepita.

Mama watoto ndiye aliyelifungua fundo. "Baba watoto," alisema, "tusiwaahidi kitu. Tujiandae sisi, wao wasijue. Likishindikana, tutaumia sisi wawili tu."

Ndani ya maneno hayo mna adabu kubwa ya dini yetu. Imepokewa na Abu Dawud kwamba mwanamke mmoja alimwita mwanawe mdogo amwendee ili ampe kitu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwepo, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamweleza kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Nayo Suratul Kahf inatufundisha tusiseme juu ya jambo lolote kuwa tutalifanya kesho pasipo kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Mzazi anayeropoka ahadi katika zama za mashaka huwafundisha wanawe, bila kukusudia, kwamba neno la baba ni upepo, na kwamba "inshallah" ni jina jingine la "hapana".

Lakini siri nayo ina hatari yake, kwani rahisi ni kuilinda kwa uongo. Tukaamua kuificha furaha ndani ya jambo la kweli. Bibi yao mzaa mama anaishi Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam, na hawakumwona kwa miaka miwili. Tuliwaambia, "Tunakwenda kumsalimia bibi, inshallah." Hiyo ilikuwa kweli tupu. Tusilolisema ni kwamba kutoka Tegeta hadi Kunduchi ni mwendo mfupi, na kwamba huko pwani kuna bustani ya michezo ya maji, Kunduchi Wet 'n' Wild. Ikiwa fedha zingepungua au mtoto angeugua, bustani ingeachwa na safari ingebaki na heshima yake yote: kuunga udugu.

Fedha tulizigawa mafungu matatu. La kwanza, chakula na kodi ya nyumba ya miezi mitatu, halikuguswa. La pili lilikuwa nauli. La tatu, kiingilio na matumizi ya siku moja, lilikusanywa kidogo kidogo katika kopo ambalo watoto walidhani ni la sukari. Mkopo hatukuuchukua, wa riba wala wa rafiki. Furaha inayolipwa kwa deni huwaachia watoto kumbukumbu ya siku moja na wazazi usingizi wa miezi.

Safari yenyewe ilianza katika kituo cha Samia, Dodoma, kwa treni ya umeme ya asubuhi. Nauli ya treni ya kawaida hadi Dar es Salaam, kama ilivyotangazwa na LATRA mwaka 2024, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na watoto hulipa nusu. Kwa familia ya watu sita hilo si jambo dogo, ila njia nayo ni sehemu ya zawadi. Mibuyu na tambarare kavu za Dodoma hurudi nyuma, kisha milima ya upande wa Kilosa huja, na treni huingia katika mahandaki. Giza la kwanza liliwanyamazisha watoto wote. La pili walilipigia makofi. Baada ya Morogoro, safu ya Uluguru ikiwa imeachwa nyuma, hewa ilianza kubadilika, na ilipofika kituo cha Magufuli, jasho la pwani lilikuwa limeshatukaribisha.

Siku mbili tulikaa kwa bibi bila kusema neno. Alfajiri ya Jumatano, baada ya swala, bibi aliwaita wajukuu, akaufungua mfuko wa karanga tuliomletea kutoka Dodoma. Chini ya karanga mlikuwa na furushi la nguo za kuogelea, zenye mikono mirefu na suruali, ambazo mama yao alizinunua na kuzificha. Mdogo alidhani ni sare za shule. Ilibidi bibi aeleze mara mbili.

Tuliichagua Jumatano kwa makusudi. Katikati ya wiki watu ni wachache kuliko Jumamosi na Jumapili, na familia yenye kujali stara hupata nafasi ya kukaa kando. Tulikuwa tumepiga simu mapema kuulizia kiingilio, kwa kuwa bei hubadilika, pamoja na aina ya mavazi yanayoruhusiwa majini, utaratibu wa chakula na mahali pa kuswali. Nawasihi wazazi wayaulize hayo kabla ya siku yenyewe. Vazi la kitambaa cha kawaida likilowa huwa zito na la hatari majini. Vazi maalumu la kuogelea linalofunika mwili hutimiza stara na usalama kwa pamoja. Tena mzazi asimwachie mwokozi wa majini kazi ya kumlinda mwanawe. Tulipeana zamu, mmoja macho kwa wadogo, mwingine kwa wakubwa.

Hapo Kunduchi mitelezo mirefu hushuka kutoka juu ya minara hadi katika mabwawa, na wadogo wana mabwawa yao yenye maji ya kina kifupi. Mwanangu wa pili, anayeogopa hata kupanda ngazi ya dari, alisimama juu ya mtelezo kwa muda mrefu, akasema Bismillah kwa sauti iliyosikika hadi chini, akajiachia. Aliibuka akicheka, akarudi tena mara zisizohesabika. Ilipoingia Adhuhuri tulitoka, tukajifuta, tukatandika miswala, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, ruhusa ya msafiri. Watoto walijionea kuwa swala haikuja kuikatiza furaha yao. Ilikuwa na nafasi yake ndani ya siku ileile.

Binti mkubwa aliacha michezo mapema kuliko wenzake. Alitaka bahari. Tulikwenda pamoja ufukweni, akaitazama ngalawa ya wavuvi ikirudi na kisiwa cha Mbudya ng'ambo ya maji. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama shule ya bweni huruhusu wazazi kutembelea, nikamwambia nitakuja kila nitakapoweza, inshallah. Alinitazama kuona ni "inshallah" ya aina gani.

Jioni tulipita kwenye magofu ya Kunduchi. Chini ya mibuyu yamebaki mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ya kale yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Baadhi ya vyombo havipo tena, pamebaki vishimo vyake. Tuliwatolea salamu waliolala pale, tukawaombea. Watoto waliuliza bakuli za China zilifikaje Kunduchi. Zililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi, na majahazi yaliyosubiri pepo za msimu. Waislamu wale hawakujua chombo gani kingerudi na kipi kingezama, na bado walijenga msikiti, wakaoa, wakalea.

Yupo atakayesema kuwa wakati wa shida si wakati wa safari. Mara nyingine kauli hiyo ni sahihi. Khalifa Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa njiani kwenda Sham na kufikiwa na habari za tauni, alishauriana na masahaba, kisha akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika qadari moja kuelekea nyingine. Kuahirisha safari kwa sababu ya msingi si upungufu wa tawakkul. Sisi nasi tulikubaliana mapema ni lini tungerudi nyuma: barua ya kusitishwa kazi ikifika kabla ya safari, kopo la sukari lingerudi kwenye akiba na tungekwenda kwa bibi tu. Aliyeupanga mlango wa kurudia huenda kwa utulivu zaidi.

Barua hiyo haikufika kabla ya safari, na hadi ninapoandika makala hii, mwajiri hajasema lolote. Hatukuilinda kesho kwa kwenda Kunduchi, na wala hatungeilinda kwa kubaki Dodoma. Fungu la miezi mitatu lipo mahali pake. Binti anajiandaa na mtihani wake wa Septemba, na nguo za kuogelea zimekunjwa chini ya sanduku, kwa siku asiyoijua ila Allah.

Tunamwomba Allah atujaalie riziki ya halali, azitulize nyoyo za wazazi wenye hofu ya kesho, na awafanye watoto wetu kiburudisho cha macho yetu. Amin.